HAKI YA KIJITO NA DHAMANA YA MJENGA NJIA

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Yako masuala ambayo watu huyadhania kuwa ni ya mafundi tu, na kumbe ndani yake mna haki na dhulma. Moja katika hayo ni suala la kijito kinachokatwa na barabara. Barabara ikipita juu ya kijito, mafundi hulaza bomba la saruji, au husimamisha sanduku la zege, ili maji yapite chini na watu wapite juu. Na kitu hicho ndicho kiitwacho kalvati. Kazi ikiisha, mafundi hukusanya zana zao wakaenda zao. Suala ni hili: Je, mwenye kujenga amekwisha timiza lililo juu yake kwa kuwa maji yanapita? Ama ingali iko dhamana shingoni mwake, ya kukirudishia kijito uwanja wake alioufukia, akaukanyaga na kuuchimba?

Ni suala dogo kwa anayelisikia akiwa barazani. Lakini maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Na kijito kisicho na jina katika ramani ndicho kisima, na shamba, na njia ya samaki, kwa watu wakaao kando yake.

Na ili suala lisibaki hewani, na litazamwe Ngumbo. Ngumbo ni kata ya mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoa wa Ruvuma, upande wa kaskazini ya Mbamba Bay. Zamani ilihesabiwa katika wilaya ya Mbinga. Ilipokatwa wilaya mpya ya Nyasa, baada ya mwaka 2010, ikaingia humo. Mbele yake ni ziwa, na nyuma yake ni milima ya Umatengo. Uso wa ziwa uko kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Umatengo hukaribia mita 2,000. Wala masafa baina ya viwili hivyo si marefu. Mvua huanza Novemba au Disemba, hukoma Aprili au Mei. Basi maji yashukayo kutoka mlimani hayana safari ndefu ya kupoza hasira yake. Yakifika chini penye ardhi tambarare ndipo yanapotanuka, yakatua mchanga na matope yaliyobeba, yakapunguza mbio, kisha yakaingia ziwani.

Pale yanapotanuka ndipo paitwapo hapa uwanja wa kijito. Kwa sehemu kubwa ya mwaka uwanja huo ni nchi kavu, pana majani na matete, na pengine vishamba vya mpunga. Na kwa siku chache za masika huwa maji matupu. Mgeni apitaye wakati wa kiangazi huona mfereji mwembamba wa kurukwa kwa hatua moja, akadhani kijito ndicho hicho. Hapo ndipo kosa linapozaliwa: hupimwa mfereji, usipimwe uwanja.

Hapana shaka kwamba barabara katika nchi ile si anasa. Mwenye mgonjwa anaihitaji, na mvuvi mwenye samaki wa kuoza anaihitaji, na mwalimu na mtoto wa skuli kadhalika. Barabara ya lami itokayo Mbinga kushuka Mbamba Bay, yapata kilomita 66, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, imeufungulia mwambao ule mlango wa bara. Wala makusudio ya maneno haya si kuishutumu barabara ile wala nyingine yo yote kwa jina lake. Makusudio ni kupima jambo lenyewe, kwa kuwa kila barabara ya mwambao ule, ya lami na ya changarawe, haina budi kukata vijito.

Na ajue msomaji jinsi madhara yanavyokuja. Barabara huinuliwa juu kwa tuta la udongo, na tuta hilo likiukata uwanja wa kijito huwa mfano wa ukuta, wenye tundu moja tu, nayo ni kalvati. Mvua ikiwa kubwa, maji yaliyozoea kupita kwa upana wa mita hamsini hulazimishwa kupita katika tundu la mita moja au mbili. Hapo hutokea mambo mawili. Upande wa juu maji hujaa na kusimama, yakaacha mchanga na magogo, na tundu likazibika. Upande wa chini maji hutoka kwa nguvu kama yatokayo katika mdomo wa bomba, yakachimba shimo, na kila mwaka shimo likazidi, hata mdomo wa kalvati ukabaki unaning'inia juu ya mkondo. Samaki aliyetaka kupanda hawezi tena, kwani kwake kizingiti cha nusu mita ni kama ngome. Nao watu wa Nyasa wanajua kwamba samaki hupanda: mbasa, samaki mashuhuri wa ziwa lile, huingia mito kama Ruhuhu wakati wa mvua kwenda kutaga. Kisha kingo hubomoka, shamba la mtu wa chini likaondoka na maji, na mwisho wake tuta lenyewe huanguka.

Hayo ni ya kalvati. Na kazi ya ujenzi nayo ina athari zake mbali. Mitambo mizito hukanyaga uwanja hata udongo ukawa mgumu kama sakafu, maji yasipenye. Mkondo huchepushwa kwa muda, na pengine mchepuko huachwa kama ulivyo. Hupasuliwa mashimo ya kifusi, na yakiachwa wazi hujaa maji yaliyosimama, yakawa makao ya mbu, na watoto wakaoga humo; na kichocho si ugonjwa mgeni katika mwambao wa Nyasa.

Basi watu katika suala hili wana rai mbili. Wa kwanza husema: mjenzi aliagizwa njia, naye ameleta njia, kijito kimepewa tundu lake, lililobaki ni la Mungu na la wenyeji. Wa pili husema: lililochukuliwa halikuwa mfereji peke yake, lilikuwa na uwanja pia, na aliyechukua viwili akarudisha kimoja, hajarudisha.

Na rai ya pili ndiyo yenye nguvu. Na aangaliwe mtu aliyeazima mashua ya jirani yake kuvukia watu, naye ana idhini ya kuvukia. Akiirudisha imepasuka ubao, hawezi kusema: watu wamevuka salama. Kuvuka kwa watu ni manufaa aliyoyapata kwa mashua. Hali ya mashua ni jambo jingine, na kwa hilo ataulizwa. Idhini ina mpaka wake. Aliyepewa ruhusa ya kupitisha barabara amepewa upana wa barabara, na amepewa kutumia ardhi ya kando kwa muda wa kazi. Hakupewa kuiacha ile ya kando imeharibika. Mafakihi wa Kishafii wamelizungumza jambo lililo karibu na hili. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Minhaj yake isomwayo sana huku pwani, mlango wa ghasbu, anampa mwenye ardhi haki ya kumlazimisha aliyehamisha udongo wake, si alipe thamani tu, bali udongo urejee na ardhi ipate sura yake ya kwanza. Kweli mjenzi wa barabara si mporaji, kwani ana amri ya serikali. Lakini sharti ikiwa kuponya ardhi kumemlazimu mwenye kudhulumu, yawaje asilazimike mwenye kuaminiwa? Mwenye amana ndiye apasaye kuwa mwema zaidi.

Tena mafakihi wana neno hariimu. Hariimu ni ile ardhi ya kando ambayo kitu hakitimii manufaa yake bila ya hiyo. Kisima kina hariimu yake, na nyumba ina yake, na mto una yake. Mwenye kuijenga hariimu ya mto amejenga mahali pasipo pake, ijapokuwa pameonekana patupu. Na uwanja wa kijito ni nini illa hariimu yake? Kijito bila ya uwanja wake ni kama kisima bila ya ukingo: maji yamo, lakini hayana salama.

Na katika khabari za Mtume, rehema na amani zimshukie, imepokewa katika Bukhari na Muslim kesi ya Zubayr na mtu wa Ansari. Wawili hao waligombania mfereji wa maji ya mvua yatokayo katika nchi ya mawe karibu na Madina, na mitende ya Zubayr ilikuwa juu. Mtume kwanza alishauri kwa upole, kwamba Zubayr anyweshe kisha ampelekee jirani maji. Yule Ansari alipokasirika na kudai kwamba Zubayr amependelewa, ndipo Mtume akampa Zubayr haki yake kamili, anyweshe mpaka maji yafike kipimo chake, kisha yashuke. Katika khabari hii pana mafundisho mawili. La kwanza, aliye juu ana haki ya mbele, wala hilo halikanushwi. La pili, haki hiyo ina kipimo, na kipimo kikifika maji ni ya aliye chini. Na barabara ni jirani wa juu wa kila shamba lililo chini yake. Ina haki, lakini haina haki isiyo na kipimo.

Hapa husimama mwenye hoja akasema: gharika ni kadari ya Mwenyezi Mungu, nani atamshtaki fundi kwa mvua? Jawabu: hashtakiwi kwa mvua. Mvua haikuwa mkononi mwake, tundu ndilo lililokuwa mkononi mwake. Aliyelaza mtoto ukingoni mwa kitanda, mtoto akaanguka, hawezi kusema kuanguka ni kadari akanyamaza. Kuanguka ni kadari, na kumlaza ukingoni ni kitendo chake. Watu wa pwani wana mfano ulio karibu. Mwezi Mei mwaka 2024, kimbunga Hidaya kilipofika Mafia na mwambao wa kusini, mvua zake ziliikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi katika pande za Somanga, wilaya ya Kilwa, na wasafiri wakakwama, na bidhaa zikakwama nao. Kimbunga kilitoka baharini bila ya idhini ya mtu. Lakini baada yake hapakuwa na aliyesema tungoje kadari nyingine. Pakaanza kujengwa madaraja mapya. Kitendo hicho chenyewe ni ushahidi kwamba watu wanajua: nafasi ya maji kupita ni amali ya binadamu, na kwa amali binadamu huulizwa.

Husimama wa pili akasema: fedha ni chache. Shilingi itakayotumika kupanda matete na kulainisha udongo Ngumbo ni shilingi iliyoondolewa katika njia, na kila mita ya njia ni mgonjwa aliyefika hospitali. Hoja hii ni nzito kuliko ya kwanza, nayo haifai kudharauliwa, kwani mwenye kuitoa pengine ana huruma kuliko mwenye kuikataa. Lakini na ipimwe vizuri. Yeye amehesabu fedha ya mwaka wa kujenga, hakuhesabu ya mwaka wa kumi. Uwanja ulioponywa hupunguza mbio za maji kabla hayajafika katika tuta, na kunyonya sehemu yake, na kuzuia magogo. Basi uwanja ndio mlinzi wa barabara asiyelipwa mshahara. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na njia ikikatika katikati ya masika, mgonjwa yule yule aliyetajwa kuwa hoja ndiye atakayebaki ng'ambo. Kwa hiyo wenye kusema njia ama kijito wamegawanya kisichogawanyika.

Wazee wa Oman, ambao damu yao na ya pwani hii zimechanganyika, walilifahamu jambo hili kwa njia yao. Falaji, yaani mfereji wao wa kunyweshea, ikifika penye wadi haikuwekewa ukuta wa kuizuia wadi. Mahali pengi waliizamisha chini ya kitanda cha wadi, maji ya falaji yakashuka upande mmoja na kupanda upande wa pili, ili siku gharika ikija wadi ipite juu kwa upana wake wote. Wadi ile hukaa kavu pengine mwaka mzima. Lau wangeipima kwa ukavu wake wangejenga juu yake. Waliipima kwa siku yake moja ya maji, na falaji zao zingalipo, na 5 kati ya hizo zimeandikwa na UNESCO mwaka 2006 katika urithi wa dunia.

Husimama wa tatu akasema: wenyeji wenyewe hulima mpaka ukingoni, wakakata miti na matete, kwa nini mjenzi peke yake ndiye alaumiwe? Jawabu: neno hili ni kweli kwa nusu yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto na ziwa, nayo haikumbagua mjenzi na mkulima. Mwenye jembe ana dhamana kwa kadiri ya jembe lake. Lakini kosa la mmoja halifuti deni la mwingine. Ingekuwa hivyo, kila mwenye deni angetafuta mdeni mwenzake akapumzika. Tena si haki kuwahesabu watu wa milima ile kuwa hawajui maji. Wamatengo kwa muda mrefu wamelima kwa ngoro: hupanga majani katika miraba juu ya mteremko, wakayafukia kwa udongo, na katikati ya kila mraba likabaki shimo. Mvua ikinyesha, kila shimo hushika sehemu yake, maji yakashuka polepole na udongo ukabaki mahali pake. Mtu aliyebuni ngoro alielewa bila ya skuli kwamba maji hayazuiwi, hupewa pa kupumzika. Mjenzi akiuliza uwanja wa kijito ni wa kazi gani, na auangalie mlima ulio juu yake.

Lakini iko shida iliyo ngumu kuliko hoja zote hizi tatu, nayo ni kwamba mwenye kudai hayupo. Mjenzi akiacha kalvati bila ya kifuniko, mkaguzi ataiona kesho. Akiacha uwanja umekanyagika na kingo zimesimama wima, hapana atakayeona ila masika makubwa yaje, na hayo pengine yatakuja baada ya miaka saba. Mikataba mingi ya ujenzi humshika mjenzi kwa mwaka mmoja tu baada ya kukabidhi kazi. Kijito hakina ulimi. Mtu wa chini atakayepoteza shamba pengine hajazaliwa. Basi hapa ndipo pajulikanapo tofauti ya mtu mwenye kuogopa mkaguzi na mtu mwenye kumcha Mungu. Deni lisilo na shahidi ni deni. Wala muda wa mkataba haugeuzi dhulma ikawa haki. Muda hukata kesi ya kadhi, haukati hesabu.

Ikiulizwa: kurudisha huko ni kufanya nini? Si jambo la siri. Kabla ya kuchimba, udongo wa juu ulio mweusi huondolewa na kuwekwa kando, usichanganywe na kifusi, kwani ndani yake mna mbegu na mizizi. Kalvati huwekwa kwa upana usiopungua upana wa mkondo unapojaa, na sakafu yake huzamishwa chini ya kitanda cha kijito, ili mchanga na mawe yalale ndani na samaki apite asijue kwamba amepita chini ya barabara. Tuta likiwa refu, huongezwa kalvati nyingine ndogo ndogo uwandani, kwa ajili ya maji ya masika yatokayo nje ya mfereji. Penye mdomo wa chini hupangwa mawe ya kuvunja nguvu ya maji. Kazi ikiisha, mchepuko hufukiwa, mashimo ya kifusi husawazishwa, udongo uliokanyagika hupasuliwa ukalainika, ule mweusi hurejeshwa juu, kingo hulazwa kwa mteremko wa upole, na hupandwa majani na matete na mikuyu ya pale pale, si mimea ya ugeni. Kisha huangaliwa masika moja au mawili, kwani kazi ya maji haihukumiwi wakati wa kiangazi.

Na haki ni kusema vile vile kwamba si kila kitu hurudi. Mkuyu wa miaka mingi ukikatwa, aupandaye hataketi kivulini pake. Na pengine uwanja umekwisha kuwa shamba la mpunga la mjane, na kuurudishia kijito ni kumnyang'anya yeye. Katika hali hiyo haifai kuiponya dhulma kwa dhulma: yeye kwanza aulizwe, na apewe mahali pengine ama fidia, naye atakuwa mlinzi bora wa ukingo kuliko bango la serikali. Lisilowezekana kurudi halimsamehe mtu liwezekanalo.

Mwisho, asije msomaji wa Mombasa, au Tanga, au Unguja, akadhani kwamba Ngumbo ni mbali. Kila mji una bonde lake alilolisahau. Watu wa Dar es Salaam wanalijua bonde la Msimbazi, na wanaikumbuka Disemba ya mwaka 2011, maji yalipokuja kudai nyumba yao na roho za watu zikapotea. Mwenye kujaza kifusi katika mkondo nyuma ya nyumba yake ili apate chumba cha kupangisha, yeye naye ni mjenga njia mdogo, na suala lake ni lile lile. Ajiulize kabla maji hayajamwuliza: je, ametoa nafasi ya maji kupita, ama amewatumia jirani zake gharika?

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, na kwake ndiko marejeo.